Kufuata katheta ndani ya MRI: alama, koili yenye kebo au saketi huru?

Kwenye eksirei katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni, huonekana yenyewe. Plastiki yake imechanganywa na madini yanayozuia miale. Daktari anakanyaga pedali na mstari mweusi unatokea ukipita ndani ya mshipa. MRI haina msaada huo. Mashine husoma maji ya mwili yakijibu mawimbi ya redio, na plastiki haijibu. Katheta ya 6F (F ni kipimo cha unene wa katheta) ina unene wa milimita 2, wakati tabaka la picha ya moja kwa moja, yaani kipande cha mwili kinachopigwa, huwa na milimita 6 hadi 10. Hata ikilala katikati kabisa ya tabaka, damu iliyo juu na chini yake ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya ishara, na katheta inamezwa. Kwa hiyo njia ya kuionyesha huamuliwa kabla mgonjwa hajalazwa mezani.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kuweka alama isiyohitaji umeme: puto lenye gesi au dawa, au pete ndogo inayotia kivuli. Ya pili ni kuweka koili ndogo sana, yaani waya uliosokotwa unaopokea mawimbi ya redio, kwenye ncha na kuiunganisha na mashine kwa kebo. Ya tatu ni saketi huru inayokaa kwenye ncha bila kebo. Kila moja ina mahali inaposhinda wenzake, na mahali ambapo kuitumia ni kumweka mgonjwa hatarini bila sababu.

Swali la kwanza ni waya

Wengi huanza kwa kuuliza ni ipi inayoonekana vizuri zaidi. Tunashauri uanze na swali jingine: je, ndani ya kifaa hiki kuna uzi mrefu wa chuma?

Mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) hurusha mawimbi ya megahezi 64. Hewani wimbi hilo lina urefu wa mita 4.7, lakini ndani ya maji hufupika hadi nusu mita hivi. Chuma kilichozungukwa na tishu, chenye urefu unaokaribia nusu ya wimbi, yaani kama sentimita 25, hugeuka antena. Hukusanya nguvu ya redio njia nzima na kuimwaga nchani. Katheta za moyo zina sentimita 90 hadi 110, na sehemu yake kubwa iko mwilini. Katika jaribio lililochapishwa na Konings na wenzake mwaka 2000, ncha ya waya mwongozo, ule unaotangulia ili katheta ipite juu yake, ilitoka nyuzi 26 hadi nyuzi 74 za Selsiasi ndani ya sekunde 30. Kwa joto hilo damu huganda na ukuta wa mshipa huungua, na mgonjwa aliye kwenye nusukaputi hana namna ya kulalamika.

Ugumu ni kwamba joto hili halitabiriki kwa macho. Waya uleule ukiingizwa sentimita 40 unaweza kubaki baridi, ukasukumwa sentimita 15 zaidi ukawaka. Ukilala katikati ya tundu la mashine ni salama kuliko ukisogea karibu na ukuta wake, kwa sababu uga wa umeme huko ni mkali zaidi. Ngozi ya plastiki ikichubuka mahali pamoja, hesabu yote inabadilika. Ndiyo maana kauli ya "tulijaribu, haukupata moto" haina uzito mpaka iseme ulijaribiwa kwa urefu gani, mahali gani na kwa mpangilio gani wa picha. Namba ya SAR kwenye skrini nayo haisaidii hapa. Inaeleza wastani wa nguvu inayofyonzwa na kila kilo ya mwili, na kiwango cha kawaida cha kimataifa hakizidi wati 2 kwa kilo kwa mwili mzima, lakini ncha ya waya inaweza kuungua huku wastani huo ukiwa chini kabisa.

Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni kupima kifaa kwa sumaku ya mkononi. Kisiponata, kinapelekwa ndani. Nitinoli, aloi ya nikeli na titani ambayo nyaya mwongozo nyingi zimetengenezwa nayo, hainati kwenye sumaku hiyo, ila inapitisha umeme vizuri tu. Kutovutwa na kutopata moto ni mambo mawili tofauti. Tazama lebo: mraba wa kijani maana yake ni salama popote ndani ya MRI, pembetatu ya njano maana yake ni salama kwa masharti yaliyoandikwa, duara jekundu lenye mstari maana yake kisiingie. Kama hakuna alama yoyote, kihesabu kama cha duara jekundu. Kumbuka pia nyaya zisizoonekana kwa nje. Katheta nyingi zina msuko wa chuma ndani ya ukuta ili zikizungushwa zisijikunje, na katheta za kupima mtiririko wa damu kwa joto zina nyuzi za shaba zinazokimbia hadi kwenye kipimajoto karibu na ncha. Hizo za joto hazina nafasi ndani ya MRI, hata kama puto lake linafanana na la katheta ya kawaida.

Alama zisizo na umeme

Kwa kazi nyingi za upande wa kulia wa moyo, hii ndiyo tungeanza nayo. Katheta ni plastiki tupu yenye puto nchani, ya 4F hadi 7F, isiyo na msuko wa chuma. Swali la waya linakuwa limeisha palepale. London, mwaka 2003, kikundi cha watafiti cha Razavi kilichapisha taarifa za watoto na watu wazima wenye kasoro za moyo za kuzaliwa waliopitishwa katheta kwa kuongozwa na MRI, na puto la gesi ndilo lililofuatwa.

Puto linaweza kujazwa kaboni dioksidi au gadolinia, dawa ya kung'arisha picha za MRI, iliyozimuliwa. Gesi haina ishara, hivyo inaonekana kama tundu jeusi ndani ya damu inayong'aa. Kaboni dioksidi inapendelewa kuliko hewa kwa sababu puto likipasuka, gesi hiyo huyeyuka kwenye damu upesi. Hewa haiyeyuki hivyo, na kama moyo una tundu kati ya pande mbili inaweza kuvuka hadi kwenye ubongo. Uzuri mwingine wa gesi ni wepesi: puto huelea na kubebwa na damu kutoka atria ya kulia (chumba cha juu cha moyo) hadi ateri ya mapafu karibu bila kusukumwa. Tatizo ni weusi wenyewe. Pafu ni jeusi, vali ikitupa damu kwa kasi inaacha weusi, na puto likiingia kwenye tawi dogo la ateri ya mapafu halitofautishwi tena na kilicho jirani.

Gadolinia hugeuza mambo: puto linang'aa. Inapaswa kuzimuliwa sawasawa, na hapa wengi huharibu. Dawa ya kawaida ya chupa ina milimoli 0.5 kwa kila mililita. Ukiitia kwenye puto bila kuizimua, puto linakuwa jeusi badala ya kung'aa, kwa sababu kwa ukali huo ishara hufa kabla mashine haijaisoma. Mchanganyiko wa asilimia 1 unatosha: vuta mililita 0.1 kwa bomba la sindano la mililita 1, itie kwenye mililita 9.9 za maji ya chumvi, geuza bomba juu chini mara kadhaa, toa viputo vyote. Kwa kiwango hicho T1 ya kimiminika, yaani muda wake wa kurudisha ishara baada ya mpigo wa redio, unashuka hadi milisekunde 50 hivi, wakati wa damu ni kama milisekunde 1,500. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wako. Ukitanguliza kila picha kwa mpigo wa redio unaonyonya sehemu ya ishara, wenye pembe ya nyuzi 40 hivi, damu inafifia lakini bado unaiona, na puto linarudi kung'aa kama taa. Ukiongeza mpigo hadi nyuzi 90 puto linapendeza zaidi, ila moyo unatoweka na hujui puto liko wapi ndani yake. Nusu ya kazi ni kuusogeza mpigo huo mpaka vyote viwili vionekane.

Jambo la kutazama kabla ya kuamua: kimiminika ni kizito, hivyo puto halielei kama la gesi, na kinatoka polepole kupitia njia nyembamba ya puto. Maelekezo ya viwanda vya baadhi ya katheta hizi yanakataza kabisa kujaza maji, kwa kuhofia puto lisipungue. Yasome kabla ya kuchanganya dawa. Yakikataza, ama tumia gesi, ama tafuta katheta inayoruhusu. Na ujazo usizidi ule ulioandikwa kwenye kishikio.

Pete za kivuli zina asili tofauti. Wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, kwenye miaka ya 1990 waliweka pete za oksidi ya disprosiamu kwenye katheta. Siku hizi chembe za oksidi ya chuma nazo hutumika. Pete huvuruga uga wa sumaku mahali ilipo na kuacha doa jeusi kubwa kuliko yenyewe. Ukubwa wa doa hutegemea muda wa mwangwi (kati ya mpigo na usomaji wa ishara), nguvu ya sumaku na katheta imeelekea wapi, kwa hiyo pete moja inaweza kuonekana kama nukta ndani ya vena kava, mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, na kama ua kubwa katheta inapokata kona. Faida yake ni kwamba pete kadhaa zilizopangwa kwa umbali unaojulikana zinakuonyesha mwili wa katheta, kitu ambacho puto haliwezi.

Na huo ndio udhaifu mkubwa wa puto. Unaona ncha, huoni mkia. Daktari anasukuma sentimita 5, puto halisogei, anasukuma tena. Katheta imeshajikunja mduara ndani ya atria. Dawa yake ni nidhamu: mtu mmoja ahesabu alama za sentimita pale mlangoni mwa mshipa na kuzisema kwa sauti, na kama kilichoingia hakilingani na puto lilivyosogea, rudisha kwanza. Udhaifu wa pili ni kutoka nje ya tabaka. Picha ni kipande chembamba, na puto likihama mbele yake linapotea mpaka fundi alisogeze tabaka kwa mkono. Fundi mzoefu wa MRI anayejua anatomia ya moyo ana thamani kubwa hapa kuliko programu yoyote.

Koili yenye kebo

Dumoulin, Souza na Darrow wa General Electric walichapisha njia hii mwaka 1993, na msingi wake haujabadilika. Koili ya upana wa milimita 1 hadi 2 inasokotwa kwenye ncha. Inasikia maji yaliyoigusa tu. Mashine inapiga mpigo hafifu kwa mwili wote, kisha inasoma ishara ya koili huku gradienti, yaani uga wa sumaku unaoongezeka hatua kwa hatua kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ikiwa imewashwa kwenye upande mmoja. Kinachotoka ni mstari wenye kilele kimoja, na mahali pa kilele ndipo ilipo koili kwenye upande huo. Usomaji mara tatu ungetosha kwa pande tatu, lakini uga usiolingana husogeza kilele, kwa hiyo husomwa mara nne kwa mpangilio wa kihesabu uitwao Hadamard, na kosa hilo hujifuta. Kila usomaji ukichukua milisekunde 5, unayo nafasi kamili ya ncha kwa milisekunde 20, yenye usahihi wa karibu milimita 1.

Hapo ndipo njia hii inapoziacha nyingine. Haitafuti katheta ndani ya picha; inajua iko wapi hata ikiwa nje ya tabaka, na inaweza kuiamuru mashine ilihamishe tabaka liifuate. Koili mbili zikiwekwa kwa umbali unaojulikana, unapata na mwelekeo. Anayechoma tishu za moyo ili kuzuia mapigo yasiyo ya kawaida anahitaji nukta iliyo wazi kwenye ramani, na doa la kivuli halimtoshi. Katheta ya kuchomea ya Imricor iitwayo Vision-MR, iliyopata kibali cha Ulaya mwaka 2020, inafuatwa kwa koili za aina hii kwenye mashine za tesla 1.5.

Gharama yake ni kebo. Umerudisha uzi mrefu wa chuma ulioukimbia. Hauwezi kuondolewa, ila unaweza kukatwa kiumeme: vizuizi vinavyozima mkondo wa redio kwenye ganda la kebo, au transfoma ndogo ndogo zinazoigawa kebo katika vipande vifupi kuliko urefu wa hatari, kama walivyoonyesha Weiss, Vernickel na wenzao wa Philips mwaka 2005. Vyote vinakula nafasi na ishara. Ndiyo sababu katheta hizi ni nene, mara nyingi njia ya ndani ya kupitisha waya au kupima shinikizo inapungua au haipo, na bei yake haifanani kabisa na ya katheta ya puto.

Mambo mengine yanayoharibika ni haya. Koili ikishikana kiumeme na koili kubwa ya kifuani, kilele kimoja kinakuwa mlima mpana, au vinatokea viwili, na alama kwenye skrini inarukaruka. Fundi huongeza gradienti ya kuvuruga ishara ya mwili mzima ili ibaki ile ya karibu tu. Koili iliyosokotwa kama springi ikilala sambamba na uga mkuu hushuka ishara, na vena kava inalala hivyo hasa, basi usishangae katheta ikipotea pale na kurudi ndani ya moyo. Mbali na kitovu cha mashine gradienti hazinyooki, hivyo nafasi inayotangazwa inakosea mpaka irekebishwe kwa ramani ileile inayorekebisha picha. Na katheta inahitaji mlango wa kupokelea kwenye mashine, pamoja na saketi ya kuizima koili wakati mipigo inarushwa. Kabla ya kuagiza, muulize mtengenezaji wa mashine yako kama mlango huo upo na programu ya kusoma kwa wakati huohuo inaruhusiwa. Jibu likiwa hapana, katheta itakaa kabatini.

Wapo wanaochanganya koili hii na antena isiyo na kitanzi, iliyoelezwa na Ocali na Atalar mwaka 1997. Antena hiyo huonyesha mwili mzima wa waya uking'aa, jambo zuri kwa kukwepa mikunjo, lakini nchani ishara yake hufifia. Inajibu swali la "inapita wapi", si la "inaishia wapi".

Saketi huru

Wazo lake linavutia: kitanzi kidogo na kapasita, vimepatanishwa na masafa ya mashine, bila kebo. Kwa megahezi 64, kitanzi cha nanohenri 100 kinahitaji kapasita ya pikofaradi 62 hivi. Mpigo wa redio unapopita, saketi hukuza mpigo huo kwa maji yaliyo jirani. Ukitumia pembe ndogo ya mpigo, nyuzi 1 hadi 5, mwili unafifia na ncha inang'aa.

Kwenye beseni la majaribio inapendeza. Mwilini upatanisho husogea: damu ikiizunguka, katheta ikipinda, ishara inashuka. Katheta iliyopatanishwa na tesla 1.5 haina kazi kwenye tesla 3. Ikilala vibaya dhidi ya uga hunyamaza. Tena unaitafuta ndani ya picha kama alama ya kawaida, kwa hiyo ikitoka nje ya tabaka umeipoteza. Vipo vifaa vya utafiti vyenye uzi wa kioo unaoleta mwanga wa kuiwasha na kuizima saketi, na kwa kulinganisha picha mbili unajua ncha ni ipi. Kwa sasa tungeiacha kwa maabara za utafiti. Mwenye hospitali anayetaka kumhudumia mgonjwa mwaka huu asiisubiri.

Nguvu ya sumaku inabadilisha jibu

Hesabu zote za waya hapo juu ni za tesla 1.5. Kwenye tesla 3 nusu ya wimbi ndani ya tishu inafupika hadi sentimita 13 hivi na vivuli vya chuma vinakua; kwa katheta hatuoni sababu ya kwenda huko. Kwenye tesla 0.55 masafa ni megahezi 23.4, nusu ya wimbi inafika karibu sentimita 70, na kwa pembe ileile ya mpigo nguvu ya redio inayofyonzwa inapungua kwa zaidi ya mara saba. Campbell-Washburn na wenzake wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, NIH, walionyesha mwaka 2019 kwamba kwa nguvu hiyo baadhi ya nyaya za kawaida za chuma zinaweza kutumika kwa wagonjwa, baada ya kila aina kupimwa joto lake. Ni habari kubwa, maana inafungua rafu ya vifaa ambavyo tayari vipo. Bei yake ni ishara: koili ndogo inasikia kidogo, na pete za kivuli nazo hutia kivuli kidogo zaidi.

Kazi ipi, njia ipi

Kupima shinikizo na mtiririko kwa mtoto mwenye kasoro ya moyo au mgonjwa mwenye shinikizo la mapafu: puto, tesla 1.5 au 0.55. MRI inapima mtiririko wa damu moja kwa moja wakati katheta inapima shinikizo, na mtoto anaepuka miale ambayo angeipata tena na tena katika maisha yake. Hakuna sababu ya kulipia koili hapa.

Kupanua vali ya mapafu ni kazi nyingine, kwa kuwa inataka waya mgumu wa kushikilia puto kubwa. Waya wa nyuzi za kioo na resini wenye alama za kivuli ndio unaofaa. Tzifa na wenzake waliripoti wagonjwa wa kwanza mwaka 2010. Usitegemee utauongoza kama waya wa nitinoli: waya wa kioo hauzunguki kwa utiifu uleule, na ukikunjwa kwa nguvu unaweza kuvunjika ndani ya ganda. Kagua urefu wote kwa vidole kabla na baada.

Upande wa kushoto wa moyo kwa njia ya aota puto halibebwi na damu, linakwenda kinyume nayo, na huko njia ya alama inachosha. Kama eksirei iko jirani na meza inasogea kati ya vyumba, fanya hatua hiyo huko. Kuchoma tishu za moyo: koili yenye kebo, kwenye mashine iliyotajwa kwenye cheti cha katheta, bila kubahatisha.

Kifaa chochote chenye masharti kijaribiwe kwenye mashine yako kabla ya mgonjwa wa kwanza, hata kama cheti kipo. Tumia beseni la jeli ya chumvi yenye upitishaji wa simensi 0.47 hivi kwa mita na kipimajoto cha uzi wa kioo kilichogusa ncha. Ingiza kifaa kwa kuongeza sentimita 5 kila mara, katikati ya tundu na kisha ukutani, na kila mahali piga mpangilio uleule wa picha utakaotumia. Andika joto la juu kabisa, si wastani.

Na ncha ikipotea katikati ya kazi, yeyote aliyeona kwanza aseme "simama" kwenye vipokea sauti. Mkono hausukumi tena. Fundi anapanua tabaka hadi milimita 15 au 20, akikosa anapiga matabaka matatu ya kukatana. Asipoiona, daktari anapunguza puto, anavuta polepole hadi alama ya sentimita ya mwisho iliyotajwa wakati ncha ilionekana, na kazi inaanza tena kutoka hapo.